Upole ni wa nani? Mama, maji na mafundisho ya Njia



Juma hili ninataka tuzungumze juu ya neno moja tunalolitumia kila siku: upole. Msichana akielekea kuolewa, tunakaa naye usiku, tunamwambia awe mpole. Bibi akikosana na bwana wake, tunamwambia awe mpole. Bwana akileta mke wa pili, tunamwambia tena awe mpole, halafu tunafunga na methali: mvumilivu hula mbivu. Neno ni zuri, na mimi sitaki tulitupe. Lakini katika arusi nyingi nilizohudhuria hapa Uvira, ni mara chache nimeona wazee wakimwita bwana arusi pembeni kumfundisha upole kwa saa tatu kama tunavyomfanyia bibi arusi.

Sababu ya kuandika ni binti yangu. Alipata buruse, yuko China kwa masomo ya ujenzi. Akirudi ataolewa, na jamaa ya mchumba wake imekwisha kuuliza, kwa adabu kabisa, kama masomo ya mbali hayajamwondolea upole. Nilipomwandikia habari hiyo, hakukasirika. Alinijibu kwa swali. Aliniambia kwamba wazee wa huko wana kitabu cha kale kinachoita chanzo cha vitu vyote Mama, kinachosifu jike kuliko dume na maji kuliko jiwe. Halafu akauliza: "Mama, kama walijua hayo yote, kwa nini walifunga miguu ya wasichana wao mpaka wakashindwa kutembea vizuri?" Alinitumia kitabu hicho kwa Kifaransa. Nimekisoma polepole, pamoja na vingine vinavyokieleza, na haya ndiyo niliyoyapata. Siwaletei dini mpya. Mimi ni mtu wa kanisa, na nitabaki hivyo. Lakini mama anayetafuta dawa ya mtoto haulizi kwanza mti uliota shambani mwa nani.

Mzee na kitabu chake

Kitabu kinaitwa Daodejing. Dao, ambayo wengine huandika Tao, maana yake ni Njia. Ni kitabu kidogo: sura 81 fupi, maneno kama 5000 kwa maandishi ya Kichina. Wachina husimulia kwamba kiliandikwa na mzee Laozi, mtunza maandiko wa wafalme wa Zhou. Alipochoka na fujo za utawala alipanda kuelekea magharibi, na mlinzi wa mpaka akamwomba asiondoke bila kuwaachia watu mafundisho. Wataalamu wengi wanaona kwamba kitabu kilikusanywa kwa muda mrefu, kwa mikono ya watu wengi. Kwamba ni cha zamani hakuna shaka: mwaka 1993, katika jimbo la Hubei, kaburi la karibu mwaka 300 kabla ya Kristo lilifunguliwa, na ndani yake walikuta vipande vya mianzi vyenye sehemu za kitabu hiki.

Zamani zile China ilikuwa imegawanyika katika falme zilizopigana bila kupumzika. Vijana walichukuliwa jeshini, mashamba yalibaki bila watu, kodi zilipanda. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa sana nyakati za namna hiyo. Walimu wengi walizunguka kutoka mfalme hadi mfalme wakimfundisha kila mmoja namna ya kuwa na nguvu zaidi. Kitabu cha Njia kiliwajibu wakubwa hao kwa kuwaelekeza kwenye mambo ambayo hawakuyatazama: maji, bonde, mtoto mchanga, mama, na jike.

Kinasema kwamba Njia haina jina la kweli, lakini tukitaka kulipa jina tunaweza kuiita mama wa vitu vyote. Kinafananisha nguvu ya uzima na bonde lisilokufa, tena na jike lenye siri, ambalo mlango wake ni mzizi wa mbingu na nchi. Mwandishi anajisema mwenyewe kwamba yeye ni tofauti na wengine kwa sababu anathamini kunyonyeshwa na Mama. Mwanamume mzima, mwenye elimu, anajilinganisha na mtoto kifuani, wala haoni haya.

Halafu kuna maji. Kitabu kinarudi kwao mara nyingi. Hakuna kitu laini kuliko maji, na hakuna kinachoyashinda katika kuvunja kilicho kigumu. Maji yanasaidia vitu vyote bila kugombana, yanakaa mahali pa chini ambapo watu hawapapendi. Sisi wa Uvira tunaijua sura nyingine pia. Mto Mulongwe, ambamo tunafulia nguo na watoto wanaoga, ndio ule ule uliobeba nyumba na watu katika usiku wa Aprili 2020. Anayesema kwamba kitu laini ni kitu dhaifu hakuwa hapa siku hiyo.

Mfano ulionigusa zaidi ni wa chungu. Kitabu kinasema: udongo unafinyangwa kuwa chungu, lakini kinachokufaa ni ule utupu wa ndani. Nyumba vilevile: kuta na mlango vinajengwa, lakini unakaa katika nafasi iliyo wazi. Mama yeyote anaelewa. Kazi zetu nyingi ni za kutayarisha nafasi ili wengine waishi ndani yake. Hazionekani, hazihesabiwi franga, na siku zikikosekana ndipo nyumba nzima inagundua kwamba zilikuwapo.

Kivuli na jua

Labda mmesikia maneno yin na yang, au mmeona ile duara nyeusi na nyeupe iliyochorwa kwenye bidhaa. Watu husema yin ni mwanamke na yang ni mwanamume, basi. Mwanzo wake si huo. Yin ulikuwa upande wa mlima wenye kivuli, na yang upande wenye jua. Tazameni milima yetu ya Mitumba. Asubuhi jua likitoka upande wa ziwa, mteremko wote unang'aa. Saa kumi jua likipita nyuma ya mlima, mteremko ule ule umekwisha kuwa kivuli, na sisi tulio chini tunawasha makala mapema. Mlima haukubadilika. Kivuli na jua vinapokezana, na hakuna shamba linaloweza kuishi kwa kimoja tu.

Daodejing inasema vitu vyote vinabeba yin na kukumbatia yang. Maana yake mwanamume naye ana kivuli ndani yake, na mwanamke ana jua. Kuna sura inayomwambia mtu ajue udume, lakini ashike ujike, ndipo atakuwa kama bonde ambalo mito yote ya dunia inaliteremkia. Haijasema mwanamume abaki huku na mwanamke abaki kule.

Jinsi upole ulivyogeuzwa kuwa mzigo

Sasa tuje kwenye swali la binti yangu. Ikiwa mafundisho yalikuwa hivyo, miguu ilifungwaje?

Jibu la kwanza ni kwamba China haikuongozwa na kitabu hiki peke yake. Mafundisho yaliyotawala ofisi za serikali na nyumba za watu yalikuwa yale ya Konfusio na waliomfuata. Katika karne ya pili kabla ya Kristo, mwalimu mkubwa Dong Zhongshu alichukua yin na yang akazipanga kama ngazi: yang ikawa ya heshima juu, yin ikawa ya chini. Kivuli na jua, vilivyokuwa vikipokezana, vikawa bwana na mtumishi. Wanawake walifundishwa utii wa mara tatu: kumtii baba kabla ya ndoa, kumtii bwana ndani ya ndoa, na kumtii mtoto wa kiume baada ya bwana kufa.

Linaloniumiza ni kwamba mwanamke naye alisaidia kazi hiyo. Ban Zhao alizaliwa karibu mwaka 45 baada ya Kristo, akawa mjane, na alikuwa na elimu kubwa sana. Kaka yake alipokufa bila kumaliza kitabu cha historia ya utawala wa Han, yeye ni mmoja wa waliokikamilisha, na alifundisha wanawake wa nyumba ya mfalme. Kwa binti zake aliandika kitabu kidogo cha mashauri. Humo alisema kwamba yang ni ngumu na yin ni laini, kwa hiyo mwanamume anasifiwa kwa nguvu na mwanamke kwa upole wake. Aliwaagiza wasichana wajishushe, wajiweke nyuma, wanyamaze wanapotukanwa. Katika kitabu hicho hicho aliuliza kwa nini wavulana wanafundishwa kusoma na wasichana hawafundishwi, akaomba nao wafundishwe. Watu walishika maneno ya kwanza kwa karne nyingi. Hayo ya pili waliyasahau upesi.

Mnaona kilichotokea? Ulaini ambao Laozi aliuita nguvu ya dunia nzima uligawiwa upande mmoja tu wa nyumba, ukageuka kazi ya wanawake. Miguu ilianza kufungwa karne nyingi baadaye, na iliendelea mpaka mwanzo wa karne ya ishirini. Serikali ya Jamhuri iliikataza mwaka 1912. Waliofunga vitambaa hivyo walikuwa mama na shangazi. Walifanya kwa upendo, kwa sababu waliogopa binti yao hatapata mume. Nimesoma jambo hilo nikanyamaza muda mrefu. Nasi tuna vitambaa vyetu, ingawa havifungwi miguuni.

Kitabu kilikuwa kikiongea na nani?

Jibu la pili lilinichukua siku nyingi zaidi. Someni sura inayosema kwamba jike hushinda dume kwa utulivu. Nilidhani ni shauri la ndoa. Sivyo. Sura hiyo inahusu nchi kubwa na nchi ndogo. Inaiambia nchi kubwa ijishushe kwanza, iwe kama sehemu ya chini ya mto ambamo maji yote hukutana, ndipo nchi ndogo zitakuja kwake bila vita. Na ile ya kujua udume na kushika ujike inasemwa kwa mtu ambaye nguvu za kidume anazo tayari, anaombwa asizitumie kuumiza. Sehemu kubwa ya kitabu imeandikwa kwa watawala: wapunguze kodi, wapunguze silaha, wasijisifu, waongoze kama vile hawapo.

Hapo ndipo nilielewa. Upole katika mafundisho ya Njia unadaiwa kwa mwenye nguvu. Mwenye fimbo ndiye anayeambiwa awe kama maji. Aliye juu ndiye anayeambiwa ashuke. Kumwambia mtu aliyekwisha kulazwa chini kwamba ajishushe zaidi ni kuchukua dawa ya mgonjwa mmoja na kumnywesha mwingine.

Lakini tusikisifu kitabu kupita kiasi. Neno kinalotumia kwa jike ni lile ambalo Wachina hulitumia kwa mnyama wa kike. Kinasifu umama, kinasifu bonde, ila hakimgeukii mwanamke halisi na kumuuliza: wewe uliyelima tangu alfajiri, unasemaje? Mfalme aliweza kukisoma, akajifunza kuwa mtulivu kama jike ili atawale vizuri, na wanawake wa nyumbani kwake wakabaki kama walivyokuwa. Kusifiwa siyo kupewa nafasi. Sisi pia tuna siku ya mwezi wa tatu ambapo tunavaa kitenge kimoja, tunasifiwa kwa hotuba ndefu, na kesho yake bidoni ya maji ni ile ile.

Kitabu kingine cha wafuasi wa Njia, Taipingjing, yaani Maandiko ya Amani Kuu, ambacho mafundisho yake yanatoka nyakati za Han, kinaonyesha mchanganyiko huo wazi. Kinakemea kwa ukali watu waliokuwa wakiua watoto wa kike. Kinasema mwanamke ni wa upande wa nchi, na anayewaua wasichana anakata uzima wa nchi yenyewe. Maneno hayo, wakati huo, yaliokoa nani sijui, lakini ninafurahi kwamba yalisemwa. Halafu kitabu hicho hicho kinaongeza kwamba, kwa kuwa yang ina hesabu ya moja na yin ina hesabu ya mbili, inafaa mwanamume mmoja awe na wanawake wawili. Nilicheka peke yangu. Hesabu za namna hiyo ninazifahamu kutoka nyumbani.

Wanawake waliotembea Njia

Hata hivyo, mlango ambao kitabu kilifungua kwa maneno, wanawake wengine waliupita kwa miguu yao. Mwaka 142 baada ya Kristo, huko Sichuan, Zhang Daoling alianzisha kanisa la kwanza la Njia, tukitumia lugha yetu, linaloitwa la Walimu wa Mbinguni. Humo wanawake waliweza kuwekwa kuwa viongozi wa ibada pamoja na wanaume.

Mmoja wao ni Wei Huacun, aliyeishi kati ya mwaka 252 na 334. Maisha yake yanavyosimuliwa, alipenda maombi na masomo tangu utoto, hakutaka kuolewa, wazazi wakamlazimisha akiwa na miaka 24. Alizaa wavulana wawili, akawalea. Walipokua kidogo aliomba chumba chake mwenyewe ndani ya nyumba, akarudia masomo yake. Bwana wake alikufa, vita vikaenea kaskazini, naye akawachukua watoto wake akahamia kusini ng'ambo ya mto Yangzi. Mjane, mkimbizi, mama wa watoto wawili. Miaka 30 hivi baada ya kifo chake, mwanamume mmoja, Yang Xi, alisema kwamba anatokewa na watakatifu wanaomfundisha, na kati yao mwalimu mkubwa alikuwa Mama Wei. Shule ya Shangqing, mojawapo ya zile kubwa kabisa za Njia, inamhesabu yeye kuwa mkuu wake wa kwanza. Mimi ninakumbuka hasa kile chumba. Hakuwaacha watoto, hakuvunja nyumba, lakini alisema: hapa ni mahali pangu.

Nyakati za Tang wanawake wengi waliingia katika nyumba za ibada za Njia, hata binti za wafalme. Mwaka 711 mabinti wawili wa mfalme Ruizong waliwekwa rasmi. Kwa wengine ilikuwa imani, kwa wengine ilikuwa njia ya kuepuka ndoa wasiyoitaka au kupata mahali pa kuzeekea baada ya kufiwa. Kuhani mmoja, Du Guangting, alikusanya kitabu kizima cha maisha ya wanawake watakatifu ili wasisahauliwe.

Wa tatu ni Sun Bu'er, aliyezaliwa mwaka 1119 huko Shandong. Alikuwa bibi wa mtu tajiri, Ma Yu, na mama wa wavulana watatu. Mwalimu Wang Chongyang alipofika kwao, bwana alimfuata kwanza. Bibi alichelewa, akaingia akiwa na miaka 50 hivi, watoto wakiwa wamekua. Alikwenda Luoyang, akafundisha, akafa huko mwaka 1182. Leo anahesabiwa kati ya wanafunzi saba wakuu wa mwalimu yule, mwanamke pekee kati yao. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba mama akipita miaka 50 amemaliza kazi, wapeni jina hilo.

Simulizi za baadaye zinaongeza jambo juu yake. Zinasema mwalimu alimweleza kwamba safari ya Luoyang ni ndefu na yeye ni mzuri wa sura, wanaume wa njiani watamdhuru. Basi alikwenda jikoni, akapasha mafuta moto, akajimwagia usoni, ndipo akasafiri salama. Wasimulizi wanalitoa kama mfano wa imani kubwa. Mimi nimelisoma kama mama wa Kivu. Tunawajua wanawake wanaojipaka masizi na kuvaa nguo zilizochakaa kabla ya kwenda shambani. Hata katika hadithi takatifu, ni uso wa mwanamke uliobidi kuungua ili njia iwe salama. Hakuna aliyewaambia wanaume wa njiani wawe wapole. Kwa mafundisho yale yale ya Njia, ninasema hadithi hiyo imemdai upole mtu asiyestahili kudaiwa.

Mwanamume aliyepika miaka mitatu

Kuna hadithi nyingine, ya zamani zaidi, iliyo katika kitabu cha Zhuangzi, mwalimu wa pili wa Njia. Liezi alikuwa mwanafunzi aliyevutiwa na mganga mmoja mwenye kutabiri kufa na kupona. Alimwona mkubwa kuliko mwalimu wake. Mwalimu akamwambia amlete huyo mganga. Siku kadhaa mganga alikuja, kila mara akaona jambo lingine, mwisho akatishika akakimbia. Ndipo Liezi akatambua kwamba hajaanza hata kujifunza.

Alifanya nini? Hakupanda mlimani wala hakutafuta mwalimu mwingine. Alirudi nyumbani, akakaa miaka mitatu bila kutoka, akampikia bibi yake, akalisha nguruwe kana kwamba analisha watu. Hadithi inaeleza kwamba hivyo ndivyo alivyoachana na majivuno na kurudia hali ya mti usiochongwa.

Nilimsomea baba watoto hadithi hiyo jioni moja. Alicheka akasema nguruwe hatunao. Lakini fikirieni: walimu hawa walipotaka kuonyesha mwanamume aliyefika mbali katika hekima, walimweka jikoni. Kazi tunayoifanya tangu tukiwa na miaka saba, wao waliiona ni shule ya mwisho. Ikiwa kupika kunaponya majivuno, kwa nini dawa hiyo tunawanyima wavulana wetu?

Niliyomjibu binti yangu

Nilimwandikia hivi. Miguu ilifungwa kwa sababu watu wanaweza kuheshimu Mama juu mbinguni na kumwonea mama aliye uani. Kitabu kizuri peke yake hakifungui kitambaa. Kinafunguliwa na watu: na Wei Huacun anayeomba chumba, na msichana anayetaka kusoma, na mama anayekataa kufunga mguu wa mtoto ingawa yeye mwenyewe alifungwa.

Juu ya jamaa ya mchumba, nimemwambia kwamba nitawajibu mimi. Nitawaambia kwamba upole wake upo, na kwamba tunauliza vilevile juu ya upole wa kijana wao. Anapokasirika anafanya nini? Anaweza kushuka kwanza baada ya ugomvi? Anaweza kupika bibi akiwa mgonjwa, au tu akiwa amechoka? Maswali haya si matusi. Ndiyo maswali yale yale waliyouliza wao.

Kuna mama mmoja karibu nasi aliyepigwa muda mrefu. Kila alipokimbilia kwa wamama wa kartie, aliambiwa avumilie, awe kama maji. Siku moja alichukua watoto na bidoni mbili, akaenda kwa kaka yake, na leo anauza dagaa sokoni na ana sehemu zake katika AVEC. Wengine walisema ameacha upole. Mimi ninaona ndiye aliyekuwa kama maji. Maji hayabaki mbele ya jiwe yakisubiri kupigwa. Yakikuta jiwe yanazunguka, yanatafuta mahali pa kupita, yanaendelea kwenda ziwani.

Daodejing inataja hazina tatu, na ya kwanza ni huruma. Neno lake ni lile ambalo Wachina hulitumia hasa kwa upendo wa mzazi kwa mtoto. Halafu inaeleza kwamba ushujaa unatoka humo: kwa sababu mtu anapenda hivyo, anaweza kuwa jasiri. Hilo nimelibeba. Tunawafundisha mabinti upendo na kunyamaza kana kwamba ni somo moja. Ni masomo mawili, na mara nyingine yanapingana.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Kwa mkutano wenu wa juma hili, naomba mchague moja au mawili:

1. Mashauri gani tunampa bibi arusi ambayo hatumpi bwana arusi? Yapi tungependa kuwapa wote wawili?

2. "Vitambaa" vyetu ni vipi, yaani mambo tunayowafanyia wasichana kwa upendo lakini yanawazuia kutembea?

3. Nani katika nyumba yetu ana mahali pake pa kupumzika, kusoma au kuomba? Mama anapo?

4. Mvulana wa nyumba yako anajua kupika bugali na kufua shati lake? Nani atamfundisha, na kuanzia lini?

Wenye majibu, waandikeni kwa mkono au mtume mtoto anayejua kuandika, muyapeleke kwa katibu wa kikundi chenu. Tutayasoma pamoja.

Amani kwa nyumba zenu,

Mama Mwalimu, Uvira